Duara la Bi Siti

Evarista hakuwa mtu wa porojo. Waulize wote waliokaa naye Mtaa wa Narung'ombe, watakwambia yule nesi wa Masasi ukimwona anasema jambo ujue ameligeuza kichwani mara tatu kabla ya kulitoa. Ndiyo maana haya yaliyompata hakuyasema kwa miaka mingi, na alipoyasema aliyasema akiangalia chini.

Jumatatu ya mkasa huo ilianza vizuri tu. Aliamka kwa harufu ya vitumbua vya Bi Siti, akanawa uani, akavaa sare yake nyeupe iliyopigwa pasi ya mkaa, akakaa mkekani na Zamda kunywa chai. Chai haikuwa na sukari. Mwaka ule wa sabini na nne sukari ilikuwa habari ya kusimuliana, na unga uliokuwapo ni wa yanga, ule wa njano, ambao ukiusonga unakaa tumboni mpaka keshokutwa. Watu waliutukana na foleni wakapanga.

"Leo duka la ushirika linatoa unga," alisema Bi Siti. "Nikimaliza hivi naenda kupanga foleni."

"Mama, si aende Zamda?"

"Zamda akienda atarudi na umbeya. Unga atausahau huko huko."

Zamda, binti wa pekee wa Bi Siti, akacheka mpaka chai ikampalia. Evarista naye akacheka, akamuaga Bi Siti, akaenda zake kazini.

Bi Siti binti Sadalla hakumzaa Evarista. Alimkuta barazani kwake miaka sita nyuma, msichana amekaa juu ya sanduku la mbao na barua mkononi ya ndugu aliyekwisha kuhama. Akampa maji. Kisha akampa chumba, na haukupita mwezi wakawa wanakula sinia moja. Bi Siti alikuwa Mwislamu wa pwani hasa, lakini Jumapili Evarista akichelewa kuamka alikuwa anamgongea mlango: "Amka wewe, Mungu wako anakungoja!" Kila Idi alinunua doti moja ya khanga, akaikata kipande kwa Zamda na kipande kwa Evarista. Kwa Evarista, mji mzima wa Dar es Salaam ulikuwa nyumba ile.

Zahanati aliyofanyia kazi ilikuwa Gerezani, hatua chache kutoka reli. Ilikuwa na vyumba vitatu, kibaraza chenye benchi refu, na Landrova moja iliyochoka. Mkuu wake alikuwa Tabibu Pantaleo, na msaidizi wa Evarista alikuwa Severa. Huyu Severa walitoka kijiji kimoja. Ni Evarista aliyemwandikia barua aje mjini, akalala naye kitanda kimoja miezi saba, akamwombea kazi kwa Tabibu, akamfundisha kushika sindano. Mtu akimgusa Severa, amemgusa Evarista. Hivyo ndivyo alivyokuwa anaamini.

Majeruhi wakiwa wengi, kazi ngumu haikuwa kufunga vidonda. Kazi ngumu ilikuwa kuamua nani aende hospitali kuu na nani abaki. Landrova ilibeba wanne tu, na kwenda na kurudi ilikuwa saa nzima, ikiwa haikuzimika njiani. Kadi za kufunga mkononi zilikuwa zimekwisha tangu mwaka uliopita na karatasi hazikupatikana. Basi Evarista akabuni njia yake. Alichovya kijiti chenye pamba ndani ya jivii, ile dawa ya zambarau ya vidonda, akawachora wagonjwa kwenye paji la uso. Duara maana yake aende sasa hivi. Msitari mmoja maana yake angoje. Dereva Mbaruku hakuwa na haja ya kuuliza. Alibeba wenye duara, akaondoka.

Jivii haitoki kwa maji wala kwa sabuni. Inatolewa kwa spiriti tu, na spiriti ilikuwa kabatini.

Saa nne asubuhi lori lililoleta unga lilikatika breki karibu na lile duka la ushirika. Likaingia kwenye foleni.

Walianza kuletwa kwa mikokoteni, wengine migongoni mwa watu. Kumi na mmoja. Kibaraza kikajaa vumbi la unga wa njano na damu, na makelele hayo usiseme. Tabibu Pantaleo alikuwa amekwenda kwenye mkutano Posta. Evarista akavuta pumzi, akachukua kijiti chake na chupa ya jivii, akaanza upande wa kushoto.

Mwalimu wake wa unesi alimfundisha asiwakimbilie wanaopiga kelele, kwa sababu wana pumzi ya kupigia. Amtafute aliyenyamaza. Kwa hiyo alipomfikia Isidori, kaka yake Severa, kijana wa miaka ishirini na tatu aliyekuwa anajigaragaza akilia "Dada, nakufa! Severa, nakufa mie!", aliushika ule mkono uliopinda, akavigusa vidole. Vilikuwa vya moto na vinacheza. Mfupa umevunjika, basi. Akampiga msitari.

"Eva," Severa alimshika sare. "Ni Isidori huyu."

"Namwona. Ni mkono tu. Ataenda safari ya pili."

Severa akaiachia ile sare.

Katikati ya benchi alikuwa amekaa Bi Siti. Ametulia, khanga ameifunga vizuri, mfuko mtupu wa unga mapajani. Evarista akapiga magoti mbele yake.

"Usihangaike na mie, mwanangu," alisema Bi Siti. "Limenigusa tu hapa ubavuni. Waangalie watoto."

Lakini midomo ilikuwa imepauka. Jasho lake lilikuwa la baridi. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao, na mapigo yalikuwa membamba, yanakimbia. Damu ilikuwa inavuja ndani. Evarista alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Akachovya kijiti, akamchora duara, kubwa, mkono unamtetemeka.

"Unaenda hospitali kuu, Mama. Sasa hivi."

"Na unga?"

"Unga atakuja kuchukua Zamda."

Bi Siti akatabasamu. Hapo hapo Evarista akaitwa ndani. Mtoto mmoja alikuwa anarusha damu pajani, na ukimwachia mtoto kama huyo umempoteza. Aliingia, akabana, akafunga, akashona. Ilichukua robo saa, labda zaidi. Katikati ya kushona aliisikia Landrova ikiwashwa, ikakohoa, ikaondoka. Akamshukuru Mungu kwa sauti.

Akatoka.

Bi Siti alikuwa amekaa pale pale.

Kwenye paji lake hapakuwa na duara. Palikuwa na msitari mmoja. Na pale kibarazani, juu ya harufu ya damu na vumbi la unga, palinuka spiriti.

Bi Siti alimtazama. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayetaka kuhakikisha ni yeye.

"Mwanangu," alisema polepole. "Mbona umeniacha?"

Evarista alikimbilia barabarani. Teksi hazikuwapo, mafuta ya petroli nayo yalikuwa ya kutafuta. Akaupata mkokoteni wa mtu wa maji, akayamwaga madebe, akarudi nao mbio. Walimwinua Bi Siti watu watatu. Alipofika juu ya mkokoteni kichwa kilianguka upande.

Mkono ukamgusa Evarista begani. Ulikuwa wa Severa.

"Nilimchora duara," Evarista alisema. "Severa, nilimchora duara."

"Ulimpiga msitari, Eva." Sauti ilikuwa ya chini, ya huruma. "Nilikuona. Nikashangaa, lakini nesi ni wewe. Umechoka, dada. Watu kumi na mmoja si mchezo."

Akaamini. Hapo ndipo roho inapouma ukisikia kisa hiki, maana aliamini kabisa. Alijiona mkono ukitetemeka, akajiona akikosea. Usingemwamini Severa, ungemwamini nani?

Bi Siti alizikwa siku ile ile, alasiri. Evarista aliporudi Narung'ombe alilikuta sanduku lake la mbao barazani, pale pale alipokaa nalo miaka sita nyuma. Zamda alikuwa mlangoni, macho yamevimba.

"Severa ameniambia. Ulimpiga msitari kwa mkono wako."

"Zamda, sikiliza..."

"Mama yangu, Eva. Alikuita mwanangu mpaka anakata roho." Akafunga mlango.

Severa akambebea sanduku. Severa huyo huyo. Akampeleka chumbani kwake Gerezani, akamkandia maji ya moto, akamlisha uji kwa kijiko kama mtoto. Isidori alikuwa amekaa pale pembeni, mkono umefungwa plasta, anapiga miluzi. Evarista hakuuliza plasta ile aliipata saa ngapi. Hakuwa na nafasi kichwani ya kuuliza kitu.

Siku ya tatu alirudi kazini. Saa nane mchana, ule wakati wa jua kali ambao watu hupungua, aliingia mama mmoja na mtoto mwenye upele. Evarista akamwita.

"Ah, mhudumie kwanza yule mama," yule mwanamke alisema. "Nimemkuta."

"Mama yupi?"

Mwanamke akageuka kuelekea kwenye benchi. Akakunja uso. "Alikuwa hapo. Anajipangusa pangusa paji la uso."

Evarista alicheka kidogo, akamhudumia mtoto. Jioni alisahau.

Siku ya nne zahanati ilijaa. Watu walikaa benchini wamebanana bega kwa bega, wengine wamesimama jua kali. Lakini katikati ya benchi pameachwa nafasi. Nafasi ya mtu mmoja, mnene kiasi. Evarista aliwaambia wasogee. Hakuna aliyesogea.

"Pana mtu," alisema msichana mmoja.

Siku ya tano ikawa vile vile. Siku ya sita vile vile. Wagonjwa wapya, watu wasiojuana, lakini walipokaa walipima nafasi ile ile wakaiacha. Na Evarista akigusa ubao pale katikati, mchana wa joto la Dar es Salaam, ubao ulikuwa wa baridi. Akawa hapiti kibarazani. Akawa anazunguka nyuma, mlango wa stoo.

Siku ya saba fundi cherehani mmoja mzee alikuja kuchomwa sindano. Alikuwa amekaa jirani na ile nafasi. Alipoingia ndani aliinama, akanong'ona, kama anayefikisha salamu.

"Yule mama ana swali."

Evarista aliendelea kuvuta dawa kwenye sindano.

"Anauliza, alama yake nani kaifuta."

Sindano ikamtoka Evarista mkononi. Kaifuta. Hakusema nani kamchora vibaya. Hakusema nani kakosea. Siku saba alikuwa anajila nyama kwa kosa lake, na wala hakuwahi kumweleza mtu habari ya ile harufu ya spiriti.

Alimkuta Mbaruku chini ya Landrova, anafunga bomba kwa waya.

"Jumatatu ile. Ulibeba wangapi?"

"Wanne. Wote duara."

"Nitajie."

Mbaruku akatoa kichwa. "Mtoto wa kichwa. Yule kuli wa mguu. Mama mjamzito. Na kaka yake Severa."

"Isidori alikuwa na duara?"

"Bichi kabisa. Lilinichafua shati." Akamtazama. "Kwani vipi, sista? Wewe si ndiye unayechora?"

Severa alikuwa stoo, anapanga bandeji. Evarista aliingia, akaufunga mlango nyuma yake.

"Ulimfuta Mama."

Bandeji zikasimama mikononi mwa Severa. Kisha akaanza kunena upesi upesi, kwa kunong'ona, kama mtu anayeogopa kusikiwa na kuta.

"Nilijua gari litarudi mapema. Naapa, Eva. Isidori alikuwa analia, mwenyewe ulimsikia. Ndiye ndugu niliye naye. Yeye ni kijana. Bi Siti alikwisha kula chumvi yake..."

"Ulimwambia nini ulipokuwa unamfuta?"

Severa akairudisha bandeji rafuni.

"Severa. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia... nesi Eva amesema ungoje kidogo."

Kumbe ndiyo maana macho ya Bi Siti yalimtazama Evarista vile. Mama yule alikufa akiamini. Alimpa maji, alimpa nyumba, alimpa nusu ya doti kila Idi, akafa anaamini mwanawe kamrudisha nyuma.

"Na Zamda? Kwa nini ulimwambia ni mimi?"

"Wewe wangekusamehe," alisema Severa, na la kutisha ni kwamba alilisema kwa moyo mweupe. "Wewe ni mtoto wa pale. Mimi wangenipeleka polisi."

"Kesho utakwenda kumwambia ukweli. Kwa mdomo wako."

"Kesho," alisema Severa. "Kesho, dada."

Kesho yake asubuhi Severa alikwenda kweli, lakini hakwenda Narung'ombe. Aliingia ofisini kwa Tabibu Pantaleo, na Evarista akiwa nje ya dirisha akayasikia yote. Nesi Evarista amechanganyikiwa, Tabibu. Anaona watu benchini. Jana amenishika koo stoo, ananisingizia mambo. Bora ahamishwe kabla hajaua mwingine.

Kabla hajaua mwingine! Alivyolitamka, ungedhani analia kwa mapenzi.

Evarista hakwenda kumgombeza. Aliishiwa nguvu hata ya kukasirika. Tabibu akaondoka kwenda wizarani na barua mfukoni, na kila mtu alijua barua ile inasema nini.

Saa nane mchana, jua kali, watu wachache. Kishindo stoo.

Severa alikuwa amepanda kigoda kufikia rafu ya juu. Kigoda hakikuvunjika. Hakikupinduka. Kilikuwa kimesimama vizuri pale pale. Lakini yeye alikuwa chini, ubavu wake umegonga pembe ya sanduku la chuma. Evarista alimwinua, akamkalisha benchini. Alimkalisha palipokuwa na nafasi. Nafasi ilikuwa katikati.

"Sina kitu," alisema Severa. "Nimejigonga tu hapa ubavuni."

Midomo ilikuwa imepauka. Jasho la baridi. Evarista akaweka kiganja tumboni kwake.

Gumu kama ubao.

Alichukua kijiti. Akachovya. Akauinua mkono mpaka karibu na uso wa Severa, na pale mkono ukasimama hewani. Sauti moja ndani yake, wala haikuwa ya Bi Siti, ilikuwa sauti yake mwenyewe, ikasema: Na yeye angoje.

Pumzi moja. Ya pili. Ya tatu.

Severa alimtazama. Alijua.

Kisha Evarista akamchora. Duara. Alilichora kwa uangalifu, akalirudia mara ya pili, akaita Mbaruku na makuli wawili wa reli waliokuwa wanangoja dawa ya macho. Wakaleta machela. Wakamlaza Severa. Evarista alitembea kando ya machela mpaka kwenye gari, amemshika mkono, akamfunika shuka, akaufunga mlango wa Landrova kwa mikono yake miwili. Akaiangalia mpaka ilipokata kona. Nesi alikuwa yeye peke yake, hakuweza kuondoka.

Akarudi ndani kufanya kazi. Alihudumia watu sita. Alitoka na kuingia kibarazani mara kadhaa. Hakuona kitu.

Gari likarudi. Mbaruku alikuwa anatabasamu.

"Kapokelewa vizuri. Mama yule mzungumzaji! Njia nzima ananiambia endesha taratibu, usije ukanimwagia unga."

"Mama gani?"

"Huyo uliyenipa."

Mbaruku alinyoosha cheti cha hospitali kuu, kile wanachompa dereva mgonjwa akipokelewa. Evarista akakisoma. Jina la mgonjwa: Siti binti Sadalla. Wodi ya wanawake, kitanda cha tano. Hali: anaendelea vizuri. Muhuri ulikuwepo, na saini ya daktari.

Nyuma yake mtoto mchanga alianza kulia. Evarista akageuka.

Severa alikuwa amekaa katikati ya benchi. Kichwa kimeegemea ukuta. Macho wazi. Kwenye paji lake palikuwa na msitari mmoja wa zambarau, na ngozi iliyouzunguka ilikuwa bado imelowa spiriti.

Mwili ulikuwa umeshapoa.

"Mlimbeba nani?" Evarista aliwashika wale makuli. "Mlimbeba nani ninyi?"

"Si yule bibi," alisema mmoja, akarudi nyuma hatua moja. "Yule bibi wa khanga. Huyu dada alikuwa hapa hapa muda wote." Akasita. Akaishusha sauti. "Alikuwa anakuita, nesi. Tulidhani umemsikia. Mara tatu umempita."

Tabibu Pantaleo aliporudi alimkuta Evarista amekaa chini, sakafuni. Hakumfokea. Aliandika. Watu wawili katika siku nane, wote wameachwa kwenye benchi moja, na nesi mmoja. Barua ya uhamisho haikuhitaji tena kusubiri jibu.

Lakini kile cheti Evarista hakukionyesha kwa Tabibu. Alikikunja mara nne, akakiweka kifuani. Watu wa ofisini wangecheka, au wangempeleka kwa wagonjwa wa akili. Yuko mtu mmoja tu duniani ambaye kingemfaa. Kwamba mwishowe, kwa njia asiyoielewa, Mama alipelekwa. Kwamba alipokelewa. Kesho yake asubuhi, watu wakiwa wanafungua maduka, akaenda Narung'ombe.

Zamda alifungua mlango nusu. Alikuwa amekonda. Evarista hakusema hodi wala habari za asubuhi. Alimpa karatasi.

Zamda alisoma kwa kuifuata mistari kwa kidole, midomo inacheza. Alifika kwenye jina. Kidole kikasimama. Akarudia tangu mwanzo.

"Tarehe ya jana," alinong'ona.

"Ya jana."

"Kitanda cha tano." Machozi yalimshuka bila yeye kuyajua. "Anaendelea vizuri. Eva... Mama alifika?"

"Alifika."

"Ni wewe uliyempeleka?"

"Alifutwa, Zamda. Severa alimfuta. Mimi nilimchora duara tangu siku ya kwanza."

Uso wa Zamda ukafunguka. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile ulikuwa uso wa mtu waliyekuwa wanacheka naye mkekani. Akaufungua na mlango, wote, mpaka Evarista akauona ua, na jiko, na kikaango cha vitumbua kimeinamishwa ukutani. Akanyanyua mguu aingie.

Zamda alikuwa amekigeuza cheti nyuma.

"Na hii?"

Evarista hakuwa amekitazama nyuma. Palikuwa na mistari miwili iliyochapwa kwa mashine, na majibu yake kwa wino. Aliyebakizwa zahanati: Severa. Na chini yake, Aliyeamua. Hapo palikuwa na saini.

"Sikusaini mimi," alisema Evarista. "Zamda, jana sikusaini kitu. Nilimchora aende. Nilimfungia mlango wa gari mwenyewe. Naapa."

"Mwandiko huu ni wako. Ndio ulionifundishia kusoma, hapa hapa mkekani, darasa la watu wazima lilipoanza." Zamda hakupandisha sauti. "Hukutaka hata kidogo abaki? Niambie hukutaka, nitakuamini."

Evarista akafumbua mdomo. Angeweza kusema. Lilikuwa neno moja, na nyuma ya neno lile ilikuwepo nyumba yote. Lakini aliuona mkono wake mwenyewe umesimama hewani, na macho ya Severa yanautazama. Pumzi moja, ya pili, ya tatu.

Hakusema.

"Basi na yeye ulimwacha," alisema Zamda. Akamrudishia karatasi akiishika kwa ncha za vidole viwili, akafunga mlango. Komeo likaingia mahali pake.

Evarista alibaki barazani na cheti mkononi. Mtaa ulikuwa umeamka, watu wanapita na vikapu kuelekea sokoni, mmoja akamwamkia, hakuitikia. Alipopitisha kidole gumba juu ya ile saini, kidole kilitoka na wino. Ulikuwa bado mbichi.